Kuwa mwalimu Kenya ukiwa na kesi ndogo ya zamani: mwongozo kamili

Kijana alikamatwa kwa ulevi akiwa na miaka 20, akapelekwa kortini Jumatatu, akakubali kosa, akalipa faini na kwenda zake. Leo ana C+ ya KCSE na anataka kusomea ualimu. Wazazi wanauliza: tulipe karo ya miaka minne, halafu TSC, tume inayosajili walimu, imfungie mlango kwa sababu ya ile faini?

Jibu ni kwamba faini ya aina hiyo peke yake haimzuii mtu kuwa mwalimu. Kinachowaangusha wengi ni kutojua karatasi za kesi yao zinasema nini, au kuzificha hadi siku Tume inapozigundua yenyewe. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia masjala ya mahakama, si chuoni. Nimeuandikia Kenya, kwa sheria za Kenya.

Mlango uliofungwa na mlango ulio wazi

Hakuna anayeruhusiwa kufundisha Kenya bila kusajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, yaani TSC. Hilo linahusu shule za umma na za kibinafsi, na linamhusu pia mwalimu anayelipwa na bodi ya shule, yule tunayemwita mwalimu wa BOM. Tume imeundwa na kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010, na kazi zake zimefafanuliwa katika sheria ya 2012.

Sheria hiyo inaipa Tume uwezo wa kukataa kumsajili mtu asiye na maadili mema, au mtu aliyepatikana na hatia ya kosa ambalo, kwa maoni ya Tume, linamfanya asifae kuwa mwalimu. Kwa hiyo si kila hatia inayomfungia mtu nje. Tume inapima: kosa gani, lini, adhabu gani, na mtu huyu ameishi vipi tangu hapo.

Kuna makosa ambayo hayana mjadala. Aliyepatikana na hatia ya kosa la kingono, au kosa dhidi ya mwanafunzi, asipoteze karo yake. Hata mwalimu aliyekwisha kusajiliwa hufutwa kwenye rejista kwa makosa hayo, na majina ya waliofutwa hutangazwa. Naunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Mzazi anayemwacha mtoto wa darasa la kwanza langoni kila asubuhi ana haki ya kujua kwamba aliyeko ndani amechujwa, na mtu yeyote anayeutamani ualimu kwa dhati atautaka mchujo huo uwepo.

Mwongozo huu basi ni wa mwenye kesi ndogo: ulevi na fujo mahali pa umma, kuzua vurugu, kupigana mitaani, shambulio la kawaida lisilo na majeraha makubwa, uchuuzi bila leseni ya kaunti, makosa ya barabarani, au kupatikana na msokoto wa bangi miaka mingi iliyopita. Wizi mdogo na uharibifu wa mali uko katikati. Unaweza kuvukika, lakini maelezo yake yatahitaji kazi zaidi. Na kwa maoni yangu, kesi ya kughushi vyeti ni nzito kwa mwalimu kuliko kesi ya ngumi, hata kama adhabu zililingana, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kutunza mitihani, alama na pesa za shule.

Hatua ya kwanza: tafuta faili ya kesi yako

Wengi wanaosema "nina rekodi" hawajui kama kweli walipatikana na hatia. Wanakumbuka selo, wanakumbuka hakimu, wanakumbuka kulipa pesa. Lakini pesa hizo zinaweza kuwa faini, na zinaweza kuwa dhamana ambayo hawakurudi kuidai. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Nenda kwenye mahakama iliyosikiliza kesi. Beba kitambulisho na nambari ya kesi kama unayo. Kesi za miaka ya karibuni zina herufi E mbele ya nambari. Kama huna, beba risiti ya faini au ya dhamana, au angalau jina la kituo cha polisi na mwezi uliofikishwa kortini, ili karani atafute kwenye rejista. Omba nakala iliyothibitishwa ya mashtaka, mwenendo wa kesi na hukumu au amri ya mwisho. Utaandika barua fupi ya ombi na kulipia nakala. Faili ya zamani inaweza kuwa imehifadhiwa mbali, kwa hiyo acha nambari yako ya simu, kisha rudi kuulizia. Usichoke mapema, karatasi hii ndiyo itakayokusemea kila mahali utakapofika.

Ukiipata, isome ukitafuta kesi iliishaje. Haya ndiyo yanayotokea mara nyingi:

Kama iliondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, hukupatikana na hatia. Ila ujue kwamba kifungu hicho kinaruhusu mashtaka kurudishwa baadaye. Kama mlalamishi mwenyewe aliiondoa chini ya kifungu cha 204, au hakufika kortini na hakimu akatumia kifungu cha 202, hapo uliachiliwa huru. Kifungu cha 210 maana yake upande wa mashtaka ulishindwa kuonyesha kwamba una kesi ya kujibu. Nako pia ni kuachiliwa huru. Katika shambulio la kawaida au mgogoro wa watu binafsi, korti inaweza kuwa ilihimiza mpatane chini ya kifungu cha 176, kesi ikasimamishwa.

Kifungo cha nje kinahitaji jicho la karibu zaidi. Sheria ya probesheni inamruhusu hakimu kutoa amri hiyo kwa njia mbili: akutie hatiani kwanza kisha akuweke chini ya afisa wa probesheni, au, katika makosa yanayosikilizwa na mahakama za chini, akuweke chini ya afisa huyo bila kukutia hatiani. Ukurasa wa mwisho wa faili utakuonyesha ni ipi. Nenda na mwanasheria au mtu anayezoea mwandiko wa mahakimu, kwa sababu mstari mmoja hapo unaweza kubadilisha jibu lako kwenye fomu zote za maisha.

Kuna pia kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, ambapo hakimu hukuachilia bila adhabu yoyote, au kwa sharti kwamba usitende kosa jingine kwa muda usiozidi miezi 12. Hapo hatia ipo, adhabu haipo. Ni vizuri kuitaja hivyo hivyo ilivyo, maana amri yenyewe inaonyesha hakimu alilionaje kosa lako.

Uliyeshtakiwa ukiwa chini ya miaka 18, soma faili yako kwa makini zaidi. Sheria ya Watoto ya 2022 hairuhusu maneno "hatia" na "hukumu ya adhabu" kutumika juu ya mtoto. Pata ushauri wa wakili kabla ya kuandika popote kwamba uliwahi kuhukumiwa.

Hatua ya pili: chukua cheti cha maadili mema kabla ya kulipa karo

Cheti cha maadili mema hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Ada yake ni Sh1,050 kupitia eCitizen. Linganisha pesa hiyo na karo ya muhula mmoja, utaona kwa nini nasisitiza ukichukue sasa, hata kama TSC itakihitaji miaka minne ijayo. Utalazimika kuchukua kingine wakati huo, kwa sababu waajiri wengi hawakubali kilichozidi mwaka mmoja. Lakini hiki cha kwanza ni chako mwenyewe, cha kukuonyesha serikali inaona nini ikiandika jina lako.

Ukishalipa, chapisha fomu ya C24 mbele na nyuma kwenye karatasi moja. Wengi hurudishwa kwa kuileta kwenye karatasi mbili. Chapisha pia risiti ya malipo, beba kitambulisho, kisha upeleke alama za vidole Huduma Centre, ofisi ya DCI iliyo karibu nawe, au makao makuu ya DCI Barabara ya Kiambu, Nairobi.

Pale mezani afisa hushika mkono wako, hupaka wino kidole kimoja kimoja na kukiviringisha juu ya karatasi kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi mwingine. Legeza mkono, mwache yeye aongoze. Ukibonyeza mwenyewe alama inatapakaa. Waliofanya kazi ya mjengo, ya kuchuma majani chai au ya kufua nguo za watu mara nyingi hukuta mistari ya vidole imelika, alama hazisomeki, na wanaitwa kurudia. Paka mafuta mikononi kwa siku kadhaa kabla ya kwenda, lakini siku yenyewe nawa vizuri, ufike na mikono mikavu.

Cheti kikitoka safi, hongera, lakini usikimbilie kusema hukuwahi kushtakiwa. Kesi nyingine ndogo, hasa za sheria za kaunti, humalizika bila alama za vidole kuchukuliwa, hivyo haziko kwenye kumbukumbu za DCI ingawa ziko mahakamani. Fomu ikikuuliza kama umewahi kupatikana na hatia, swali hilo halihusu cheti. Linahusu kilichotokea.

Cheti kikionyesha kitu kisicho sahihi

Alama za vidole huchukuliwa mwanzoni mwa kesi, na matokeo huja mwishoni, kutoka ofisi nyingine. Matokeo yasipofika DCI, mtu aliyeachiliwa huru anaweza kubaki akionekana kana kwamba kesi yake haijaisha. Hapo ndipo faili uliyoitafuta inapolipa.

Andika barua kwa DCI, kitengo cha kumbukumbu za jinai, ukiambatisha nakala iliyothibitishwa ya amri ya mahakama, nakala ya kitambulisho, na cheti chenye dosari. Eleza kwa sentensi chache kesi iliishaje na uombe kumbukumbu irekebishwe. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Ukikaa muda bila majibu, una nguzo mbili: Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayokupa haki ya kuomba habari zako zilizoko serikalini na kutaka zilizo na makosa zirekebishwe, na Tume ya Haki ya Utawala, ofisi ya Ombudsman, ambayo hupokea malalamishi bila malipo.

Lakini kama hatia ni ya kweli na imeandikwa sawasawa, hakuna barua itakayoifuta. Kenya haina sheria ya jumla inayosafisha hatia ya mtu mzima eti kwa sababu miaka kadhaa imepita. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kuna watu wanaozunguka karibu na mahakama na saiba wakidai wanaweza "kukutolea jina kwenye mfumo" kwa elfu kumi, kwa elfu ishirini. Wanachokupa ni cheti bandia. Ukikipeleka TSC, utakuwa umegeuza faini ya ulevi kuwa kesi ya kutumia hati ya kughushi, na hiyo ndiyo itakayokumaliza.

Njia halali za kuiondoa hatia ni chache. Rufaa dhidi ya hukumu ya hakimu huwasilishwa Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Ukichelewa unaomba ruhusa kwa sababu nzuri. Kama ulikubali kosa mwenyewe, rufaa yako inaweza kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Hata hivyo, kukubali kosa nako kuna kanuni zake. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa 1973, hakimu anatakiwa akusomee shtaka kwa lugha unayoielewa, aandike jibu lako kwa karibu iwezekanavyo na maneno yako mwenyewe, upande wa mashtaka usome maelezo ya tukio, nawe upewe nafasi ya kuyapinga. Faili ikionyesha hayo hayakufanyika, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu ipitie upya rekodi hiyo. Msamaha wa Rais chini ya kifungu cha 133 cha Katiba upo pia, lakini kwa mtu aliyetozwa faini ya Sh2,000 sioni kama ndiyo njia ya kuanzia. Ni afadhali nguvu hizo ziende kwenye barua ya maelezo nitakayoieleza chini.

Kama kesi bado iko mbele ya hakimu

Sehemu hii wasomee wadogo zako, hata kama haikuhusu.

Kosa linalowaharibia vijana wengi hufanyika asubuhi ya Jumatatu. Amekamatwa Ijumaa usiku, amelala selo siku tatu kwa kuwa Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24 au, muda huo ukiisha wakati korti zimefungwa, siku ya kwanza ya korti inayofuata. Amechoka, ana njaa, mama yuko nje analia. Mtu mmoja anamwambia: "Kubali tu, ulipe kitu kidogo, urudi nyumbani." Anakubali kosa ambalo pengine hakulitenda, na saa mbili baadaye yuko kwenye matatu. Hatia imeandikwa, na itamsubiri hadi siku ya TSC.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa hiyo katika makosa mengi madogo unaweza kukana shtaka na bado ulale kwenu siku hiyo. Omba muda wa kuzungumza na wakili. Huna pesa? Uliza kuhusu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au shirika kama Kituo cha Sheria.

Na kama kweli ulikosa, bado kuna njia kabla ya hatia. Tangu 2019 Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ina sera ya kuwaepusha na mashtaka baadhi ya waliotenda makosa madogo: unakiri wajibu wako, unatimiza masharti kama kumlipa uliyemkosea au kupata ushauri nasaha, na kesi haiendelei. Muulize mwendesha mashtaka mapema, kabla ya kusomewa shtaka ikiwezekana. Kama uliyemkosea ni jirani, kaeni na wazee, mlipe ulichoharibu, na apatane nawe kwa maandishi.

Kesi ikiwa inaendelea wakati unataka kusajiliwa, subiri iishe. Tume haitaweza kupima kitu ambacho hakimu hajakiamua.

Hatua ya tatu: chuoni

Kuhusu masomo yenyewe nitapita haraka, kwa kuwa hapa kesi yako haibadilishi mengi. Wa shule za sekondari anayesomea shahada ya elimu anahitaji wastani wa C+ kwenye KCSE na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Wa shule za msingi hupitia diploma ya miaka mitatu iliyochukua nafasi ya cheti cha P1, kwa wastani wa C. KUCCPS, shirika la serikali, hukupangia nafasi ya chuo kwa alama zako.

Jambo la kulikazania ni mazoezi ya kufundisha, ile TP. Kwa mwanafunzi wa kawaida ni sharti la kuhitimu. Kwako ni ushahidi. Fika kabla ya kengele, andaa azimio la kazi na maandalio ya somo kila siku, shiriki michezo na usafi, usiguse simu darasani, usiwe na mazoea na wanafunzi nje ya kazi. Siku ya kuondoka, mwombe mwalimu mkuu barua ya kueleza alivyokuona ukifanya kazi na watoto. Barua ya mwalimu mkuu aliyekaa nawe muhula mzima ina uzito kuliko barua tatu za waheshimiwa wasiokufahamu vizuri.

Kwa miaka yote hiyo usiingie kwenye kesi nyingine. Hatia moja ukiwa na miaka 20 inaelezeka. Hatia ya pili ukiwa mwaka wa tatu chuoni inaonekana kuwa tabia.

Hatua ya nne: usajili na barua ya maelezo

Ukihitimu, fungua akaunti kwenye mfumo wa TSC mtandaoni. Utahitaji vyeti vya masomo kuanzia KCSE, cheti cha ualimu na matokeo yake, kitambulisho, PIN ya KRA, picha, fomu ya uchunguzi wa afya ya GP 69 iliyojazwa na daktari, cheti cha maadili mema, na malipo ya ada. Hakikisha majina yako yanafanana kwenye karatasi zote. Tofauti ya herufi moja huchelewesha yeyote, na kwa mwenye kesi inaweza kudhaniwa ni ujanja.

Unapofika kwenye swali la hatia za jinai, jibu ukweli. Kudanganya ili usajiliwe ni sababu ya kisheria ya kukufuta kwenye rejista, hata baada ya miaka kumi ya kufundisha vizuri. Kosa la zamani lina mwisho wake. Uongo kwenye fomu unaendelea kuishi kwa kadiri unavyoendelea kufundisha.

Usiache "Ndiyo" peke yake. Ambatisha barua ya ukurasa mmoja, na nyuma yake nakala ya amri ya mahakama na risiti ya faini au taarifa ya kumaliza kifungo cha nje. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mpangilio kama huu:

*KUHUSU: MAELEZO YA KESI YA JINAI NAMBARI … YA MWAKA …, MAHAKAMA YA …*

*Mimi ni … mwenye kitambulisho nambari …. Naomba kusajiliwa kuwa mwalimu wa ….*

*Tarehe … nilishtakiwa kwa kosa la … chini ya kifungu cha … cha …. Nilikuwa na umri wa miaka …. Siku hiyo mimi na wenzangu wawili tulikunywa pombe katika soko la …, tukapigana na kuvunja kioo cha kibanda. Nilikubali kosa. Mahakama ilinitoza faini ya Sh…, ambayo nililipa tarehe …. Mwenye kibanda nilimlipa kioo chake, na barua yake imeambatishwa.*

*Tangu siku hiyo sijashtakiwa kwa kosa lolote. Nimesomea … katika chuo cha …, na nimefanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya …, ambayo mwalimu mkuu wake ameandika maoni yake kuhusu kazi yangu.*

*Naambatisha nakala iliyothibitishwa ya uamuzi wa mahakama, risiti ya faini, barua ya mwenye kibanda na barua ya mwalimu mkuu. Niko tayari kufika mbele ya Tume kueleza zaidi.*

Angalia barua hiyo isivyofanya. Haimlaumu askari. Haisemi "shetani alinipitia". Haijazi nusu ukurasa kwa kuomba huruma. Inataja pombe, ngumi na kioo kwa majina yake, inaonyesha nani aliumia na alilipwaje, kisha inasonga mbele. Afisa anayesoma maombi mengi kwa siku anataka kujua kama wewe ni hatari kwa watoto, na maelezo yaliyonyooka humjibu upesi zaidi.

Kwa kosa la bangi au pombe, ongeza ushahidi wa kuacha: barua ya mshauri nasaha au ya kituo ulichotibiwa. Kwa shambulio, onyesha upatanisho kama ulikuwepo. Kwa wizi, onyesha kwamba mali ilirudishwa, na kama umewahi kushika pesa za kikundi au za kanisa bila tatizo, mwombe mweka hazina au mwenyekiti aandike. Barua ya chifu husaidia kuthibitisha unakoishi na unavyojulikana, lakini isiwe ndiyo pekee.

Peleka nakala moja kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti yako, na uombe muhuri kwenye nakala unayobaki nayo.

Ukikataliwa

Kukataliwa kwa mdomo au kwa kimya si uamuzi. Andika ukiomba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo pale uamuzi wa ofisi ya umma unapoathiri haki zako, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inaeleza namna ya kuidai. Sababu zikija, zisome kwa utulivu. Mara nyingine kinachokosekana ni karatasi moja, kama uthibitisho kwamba faini ililipwa. Ilete, na uombe ombi lako liangaliwe upya.

Kama umenyamaziwa, Ombudsman yupo. Kama umekataliwa kwa sababu unazoona si za haki, kwa mfano umehesabiwa hatia katika kesi uliyoachiliwa huru, wakili anaweza kwenda kortini kuomba uamuzi huo upitiwe. Majaji hutaka kuona kwamba ulitumia kwanza njia za ndani za Tume, kwa hiyo tunza kila barua, kila muhuri na kila tarehe.

Wakati unasubiri, usikubali kufundisha "kwa muda" katika shule inayokuambia nambari ya TSC si lazima. Hilo ni kosa, na litakuandama wewe. Kuna kazi nyingine za elimu unazoweza kufanya kihalali na zikakupa ushahidi mpya wa tabia: kusaidia maktabani, kufunza timu ya mpira ya kata chini ya usimamizi, kufanya kazi za ofisi shuleni.

Ukishapata nambari

Usajili si ajira. Ukiomba nafasi ya kudumu, ya mafunzo ya kazi, au ya BOM, utaulizwa cheti cha maadili mema upya, na jopo linaweza kukuuliza juu ya kesi yako mbele ya watu watano. Beba seti ile ile ya karatasi kwenye bahasha, na ujizoeze kulieleza jambo lako kwa dakika moja kwa maneno yale yale ya barua, maana maelezo yanayobadilika kutoka ofisi hadi ofisi ndiyo yanayotia watu shaka.

Ukishaajiriwa, si lazima walimu wenzako wote wajue. Mwalimu mkuu ajue, kwa faragha, kutoka kinywani mwako, kabla hajasikia kwa mzazi aliyekuwa kortini siku ile. Mwonyeshe barua ya TSC iliyokusajili pamoja na amri ya mahakama, mwachie nakala kwenye faili lako, kisha uombe ratiba ya masomo.